Rejeta utaitoa tu, kazi iko kwenye hewa

Swali: "Shikamoo fundi. Niko Lindi mjini, natumia Toyota IST ya cc 1300, otomatiki. Wiki tatu sasa gari inachemsha, hasa nikitoka Mtwara nikianza kupandisha pale baada ya Mikindani. Rejeta imepasuka juu kwenye plastiki, fundi akaziba na gundi ya chuma, ikakaa siku nne ikaanza kuvuja tena. Na thamostati, kile kidude kinachofungua na kufunga njia ya maji kulingana na joto la injini, aliitoa, akasema huku kwetu joto haina kazi. Nimeagiza rejeta Dar, inakuja na basi. Spana ninazo na kaka yangu yupo wa kunisaidia. Naweza kuibadilisha mwenyewe nyumbani au nitaua gari?"

Marahaba mwanangu. Unaweza, tena bila shida, IST ni katika magari mepesi kabisa kwa kazi hii manake rejeta inatokea juu, hulazimiki kung'oa bampa wala kulala chini nusu siku. Ukianza asubuhi kabla jua halijakaa sawa, mchana unakula ukiwa umemaliza kufunga. Ila nikwambie mapema, kufungua na kufunga ndio sehemu rahisi, gari nyingi zinazoletwa kwangu zimekufa baada ya rejeta kubadilishwa hazikufa kwa sababu bolti ililegea, zimekufa kwa sababu ya hewa iliyobaki ndani. Hapo ndio nitakaa sana, huku kwingine nitapita mbiombio.

Kwanza kabla hujafungua chochote, hizo wiki tatu umeiendesha ikiwa imechemsha mara ngapi? Hukuandika. Kama ulikuwa unaona geji inapanda unasema ngoja nifike Mingoyo ndio nisimame, basi tuhakikishe kwanza gasketi ya hedi (ile inayoziba kati ya hedi, yaani kichwa cha injini, na injini yenyewe) iko salama, isije ikawa unafunga rejeta mpya kwenye injini ambayo inapuliza moto kwenye maji. Asubuhi gari ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta, jaza maji mpaka mdomoni, washa, chungulia. Vipovu vichache mwanzoni ni kawaida, ila kama vinakuja mfululizo kama sufuria ya maharage na haviishi hata dakika tano zikipita, hiyo gasketi. Chomoa na dipstiki ya oili ya injini, ikiwa ina rangi ya chai ya maziwa hapo usiguse rejeta, tafuta fundi wa injini. Na yale maji yenyewe ya rejeta yaangalie, wewe gari yako ni otomatiki, ndani ya rejeta kuna kipaipu cha kupooza oili ya gia boksi, kikitoboka oili na maji vinachanganyika unapata kitu kizito cha rangi ya waridi kama juisi ya mapera iliyotiwa maziwa. Ukikuta hivyo gia boksi nayo inataka kazi yake, sio rejeta peke yake.

Kama hakuna hayo, endelea.

Rejeta ikifika stendi usiichukue tu ukaondoka. Fungua boksi palepale. Angalia chini kama ina vile vichuchu viwili vya paipu za oili ya gia, wauzaji wa kule Kariakoo wakiambiwa IST wakati mwingine wanatuma ya manyua, yaani ya gia za mkono, ambayo haina, na hiyo kwako haifai hata kwa kulazimisha. Pitisha jicho kwenye vile vibati vyembamba, basi linalotoka Dar mpaka Lindi linabeba kila kitu na mzigo wako huenda ulilaliwa na gunia la mtu, vibati vikilala kidogo unavinyoosha na kibisibisi kidogo taratibu, ila kama mrija wenyewe umebonyea usipokee. Na ule mfuniko, kama haukuja na mpya nunua mpya. Watu wanadharau mfuniko. Ule ndio unashika presha, umeandikwa namba juu yake, mara nyingi 0.9 au 1.1, ikiwa ya kwako 1.1 nunua 1.1. Maji yakiwa wazi yanachemka kwenye nyuzi 100, yakifungiwa kwa presha hiyo yanavumilia mpaka kwenye 120 hivi, sasa mfuniko ukichoka raba yake unapoteza hizo nyuzi 20 zote kwa kitu kidogo kama kisoda.

Vifaa ni spana namba 10 na 12 (boksi yenye shingo ndefu ni bora zaidi), bisibisi ya nyota, plaizi, beseni pana, vitambaa, na vijiti viwili au bolti mbili za kuziba paipu za oili. Gari iwe imelala usiku mzima. Narudia, usiku mzima, sio "nimezima saa moja iliyopita". Nimeona mkono wa kijana uliochunwa ngozi kwa kufungua mfuniko wa moto na sitaki kukuelezea ulikuwaje.

Toa waya hasi wa betri. Feni ya IST ni ya umeme, hutaki iamke vidole vyako viko ndani. Weka beseni chini, kuna kizibo cha plastiki chini ya rejeta upande mmoja, kifungue kwa mkono, kikigoma usikivunje, acha, chomoa paipu ya chini maji yatatoka tu ila yatakurukia. Haya maji kama yana kulanti, ile dawa ya rangi ya kupoozea injini, usiyamwage uani. Kulanti ina utamu, mbuzi anainywa, mbwa anainywa, mtoto anaionja, na ni sumu inayoua figo. Ndani ya dumu, funga, andika, weka juu.

Paipu ya juu na ya chini zinashikwa na kilampu za springi, unazibana na plaizi unazisogeza nyuma kisha unazungusha paipu kidogo kushoto kulia mpaka iachie. Usiivute kwa hasira. Kama imegandia na ni ya zamani, ina nyufa ukiikunja, ikate ununue mpya, hapa sio pa kubana pesa. Halafu zile paipu mbili ndogo za oili ya gia kule chini, ukichomoa oili nyekundu itatoka kidogo, ziba haraka na zile bolti, pima kwa macho kiasi kilichomwagika manake tutakirudisha. Chomoa soketi ya feni, chomoa kile kipaipu cha kwenda tanki la akiba, fungua vishikio viwili vya juu vya rejeta. Sasa mwite kaka yako. Mnanyanyua rejeta na feni yake kwa pamoja, wima, polepole, mkiangalia msivute kondensa ya AC, ile inayofanana na rejeta nyembamba iliyoko mbele. Paipu za AC hazihusiki, ukikuta umeshika spana kwenye paipu ya AC ujue umepotea, rudi nyuma, ile ina gesi yenye presha. Kuna raba mbili chini zinakaliwa na miguu ya rejeta, moja huwa inang'ang'ania rejeta ya zamani inaondoka nayo, itafute, irudishe pale chini.

Rejeta ikishatoka usikimbilie kuweka mpya. Angalia uso wa nyuma wa kondensa. Mwaka juzi nililetewa pikapu ya mkulima wa Tandahimba, inachemsha, ameshabadilisha rejeta na wota pampu na bado inachemsha, ameshakata tamaa anataka kuiuza. Nikatoa rejeta yake (mpya kabisa, inang'aa) nikakuta katikati ya kondensa na rejeta kuna godoro. Kweli godoro: vumbi jekundu, majani makavu ya mikorosho, mabawa ya kumbikumbi, vimeshikana na unga wa salfa wa kupulizia mikorosho vikawa kama mkate. Nikaubandua kwa mkono kipande kizima, kilikuwa na alama za vibati vya kondensa kama chapati iliyopigwa muhuri. Nikaosha, nikarudisha rejeta ileile, akaenda zake mpaka leo. Wewe wa Lindi mjini hutakuwa na godoro ila utakuwa na chumvi ya bahari na mchanga. Osha kwa maji ya kawaida ya bomba yasiyo na nguvu, ukielekeza kutoka upande wa injini kwenda nje. Zile mashine za presha za kuoshea magari zinalaza vibati, usizitumie hapo.

Sasa maji ya ndani. Huyo fundi wako alikuwa anaongezea maji gani? Najua jibu, ya kisima. Maji ya kisima ya huku pwani ukichemshia chai miezi mitatu sufuria inaota ukoko mweupe, basi injini ni sufuria hiyohiyo ila huwezi kuikwangua. Kwa hiyo kabla ya kufunga, safisha injini: chukua mpira wa maji, elekeza kwenye paipu ya juu inayoingia injini, acha maji yapite yatokee paipu ya chini mpaka yawe meupe kabisa. Hii ndio faida pekee ya thamostati kutolewa, maji yanapita bila kizuizi. Injini iwe baridi lakini, maji baridi kwenye injini ya moto yanapasua. Malizia na lita chache za maji safi ya betri, yale ya kuongezea betri, SIO ASIDI, muulize muuzaji mara mbili manake chupa zinafanana. Ukiona yanatoka mabonge ya njano njano yenye harufu ya pilau usishangae, kuna watu wanaziba rejeta kwa binzari. Nimezikuta na sabuni za kipande. Zinaziba kweli, na zinaziba na njia za hita na kila kitu kingine.

Thamostati irudi. Najua mafundi wengi huku wanaitoa, na mimi nilikuwa naitoa miaka ya nyuma, tulifundishwa hivyo na waliotutangulia kwamba hicho ni kifaa cha nchi za baridi. Siyo. Injini ya IST imetengenezwa ifanye kazi kwenye joto fulani, thamostati yake inaanza kufunguka kwenye nyuzi 80 na kidogo, ukiitoa kompyuta inaona injini baridi inaongeza mafuta, unakunywa petroli bure na unalalamika IST siku hizi zinakula. Halafu inakuficha ugonjwa, rejeta inaziba taratibu wewe huoni mpaka siku ya mlima. Nunua mpya na raba yake. Kabla ya kufunga ipime: ifunge uzi, ining'inize kwenye sufuria ya maji isiguse chini, washa jiko. Maji ya vuguvugu iwe imefumba. Yakikaribia kuchemka, yameanza kutoa vipovu vidogo pembeni lakini hayajachemka, inatakiwa ifunguke, utaiona ile springi inajikunja na kisahani kinashuka kama mtu anafungua dirisha. Itoe, ikipoa ifumbe. Isiyofanya hivyo rudisha dukani. Inakaa kwenye mdomo unaopokea paipu ya chini, na kale kapini kadogo kanakochezacheza kakae juu, kale ndiko kanakopitisha hewa.

Kufunga ni kurudi nyuma ulikotoka. Hamisha feni kwenye rejeta mpya, bolti zake zinaingia kwenye plastiki kwa hiyo ikishashika acha, usikaze kama unakaza tairi. Weka kipande cha boksi mbele ya vibati wakati mnashusha, kaka yako asikwaruze. Paipu za oili ya gia kwanza, kisha ya chini, kisha ya juu, kilampu zirudi kwenye alama zake za zamani. Hakikisha kizibo cha chini umekifunga. Unacheka, subiri siku ukimwaga kulanti mpya yote chini.

Kulanti nunua ya kuaminika, mfumo mzima wa hiyo gari unabeba kama lita 5 hivi. Ikiwa ni nzito ichanganye nusu kwa nusu na yale maji ya betri, ikiwa imeandikwa imeshachanganywa usiongeze kitu. Rangi isikuchanganye, nyekundu ya kampuni hii sio lazima iwe sawa na nyekundu ya kampuni ile, cha msingi usichanganye mbili tofauti. Utasikia "huku hakuna barafu kulanti ya nini", kulanti huku kazi yake ni kuzuia kutu na kuinua kiwango cha kuchemka.

Haya, hewa.

Nikusimulie aibu yangu. Nikiwa bado kijana kwenye ufundi, mteja kaleta Corolla, rejeta imetoboka, yeye ana msiba Lindi anataka kuwahi. Nikafunga rejeta mpya haraka haraka, nikajaza maji mpaka mdomoni, nikafunga mfuniko, nikawasha dakika mbili, geji iko chini, nikampa funguo, nikajiona fundi. Saa tisa mchana napigiwa simu, gari imezima Mnazi Mmoja, inanuka, haiwaki. Nikapanda daladala nikaenda. Fungua mfuniko baada ya kupoa, maji nusu hayapo, na hakuna tone lililovuja. Ilikuwa hewa. Maji yalijaa rejeta tu, ndani ya hedi kumebaki pango la hewa, na kibaya zaidi kile kisensa cha geji kilikuwa kimekaa kwenye hewa hakijagusa maji, kwa hiyo muda wote mwenye gari anaona geji iko poa anakanyaga tu huku hedi inapinda. Nilitoa hedi, nikaipeleka ikasawazishwe, gasketi mpya, yote kwa pesa yangu, na msiba alikosa kuuwahi. Hilo la msiba ndio bado linaniuma.

Kwa hiyo wewe fanya hivi. Sogeza gari mahali penye mwinuko pua ikiangalia juu, au pandisha tairi za mbele kwenye mbao imara, handibreki juu, mawe nyuma ya tairi za nyuma. Mdomo wa rejeta uwe ndio sehemu ya juu kuliko zote ili hewa itafute kutokea hapo. Hita iweke kwenye moto wa mwisho, ndio najua Lindi saa tano asubuhi hakuna anayewasha hita, washa hivyo hivyo, maji yapite kule nako. Mimina kulanti polepole, kikombe kwa kikombe, huku mkono mwingine unaminya paipu ya juu kama unakamua ng'ombe, utasikia inabubujika glup glup na usawa unashuka. Ongeza. Minya. Ongeza. Ikigoma kushuka ndio urudishe waya wa betri na uwashe, mfuniko bado wazi, sailensa tu, yaani ingurume yenyewe bila kukanyaga mafuta, usipige resi. Sasa kaa hapo. Usiende kunywa chai. Usawa utapanda na kushuka, vipovu vitatoka, wewe unaongeza kidogo kidogo. Baada ya dakika kumi au kumi na tano usawa utazama ghafla, na ukigusa paipu ya chini iliyokuwa baridi utakuta imeanza kupata moto, hapo thamostati imefunguka. Ongeza haraka. Subiri feni iwake, izime, iwake tena. Vipovu vikiisha na hita inatoa hewa ya moto kweli kweli, funga mfuniko, jaza tanki la akiba mpaka kwenye alama ya juu. Ukiona kabla ya hapo maji yanapanda kwa nguvu yanataka kumwagika, usiweke uso juu yake, zima, acha yapoe, anza tena. Na kama hita inatoa hewa ya baridi wakati geji imefika katikati, bado kuna hewa ndani, hujamaliza.

Shusha gari kwenye usawa ndio upime oili ya gia. Injini ya moto, inanguruma, umepitisha gia zote kuanzia P mpaka L ukarudi P, chomoa dipstiki ya gia boksi usome upande ulioandikwa moto. Ongeza kile kilichomwagika, hiyo inatumia Toyota T-IV, sio oili nyekundu yoyote ya kwenye chupa ya maji.

Siku ya kwanza zunguka mjini tu, usiende Mtwara. Lala. Asubuhi ikiwa baridi fungua mfuniko uangalie, karibu kila mara utakuta imeshuka kidogo, ongeza. Asubuhi ya pili tena. Ikishuka siku ya tatu mfululizo na chini ni pakavu niandikie, hiyo ni habari ya gasketi. Siku ukija huku Mtwara, simama Mingoyo, usifungue kitu, weka tu mkono juu ya boneti na uangalie geji na tanki la akiba.

Na ile rejeta ya zamani usimwachie mtu bure, ni alumini, wanunua skrepa wanaipima kwa kilo, ng'oa kwanza zile plastiki za juu na chini ndio upeleke.